Seremala Amekaa na Vitanda Hakuna: Kutatua Matatizo ya Useremala katika Dwarf Fortress

Katika gemu la Dwarf Fortress mawe ni bure. Ukichimba mlima unapata ya ukuta, ya meza, ya kiti, ya mlango, hata ya jeneza. Kitu kimoja ambacho mawe hayakupi ni kitanda. Kitanda cha kawaida hutoka kwenye mbao tu, na hutengenezwa kwenye karakana ya seremala tu. Ndiyo maana mchezaji mgeni akinieleza kwamba ngome yake imekwama, watu wamenuna na kazi haziendi, swali langu la kwanza huwa moja: magogo yako yako wapi?

Kwa asiyelijua, gemu hili ni kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams. Lilitoka mwaka 2006 likiwa limechorwa kwa herufi na alama tupu, kisha Desemba 2022 likaja toleo lenye picha na menyu za kubofya. Unaanza na vibete saba na gari lao la mizigo, unachimba mlima, wahamiaji wanaongezeka, na ngome inakuwa mji. Ninayoyaandika hapa yanahusu toleo hilo la picha. Ukiwa bado unacheza la zamani, chanzo cha tatizo kwa kawaida ni kilekile, ila menyu hazifanani.

Nimecheza miaka mingi, na nimeona kwamba seremala mwenyewe hana kosa karibu kila mara. Tatizo liko njiani, kati ya mti na karakana, au kati ya karakana na chumba kinachosubiri kitanda. Kwa hiyo usimkazie macho fundi. Fuata gogo.

Dalili: ujumbe unasema magogo hakuna, na wewe unayaona

Hii ndiyo inayowatesa wengi, nami ilinitesa vibaya. Vuli moja, mwaka wa tatu wa ngome, wahamiaji walifika kwa wingi nikaagiza vitanda 20. Mara ujumbe: seremala ameacha kutengeneza kitanda, anahitaji magogo. Nikafungua orodha ya mali, nikakuta magogo 43. Nikaagiza upya, akaacha upya. Nikaongeza karakana ya pili nikidhani ya kwanza ina hitilafu, na huko nako ujumbe ukawa uleule. Hatimaye nikapanda na ramani ngazi baada ya ngazi hadi juu ya ardhi, nikayakuta yote 43 yamelala nyasini ng'ambo ya handaki. Daraja nililoliinua magoblini walipotuvamia lilikuwa bado liko juu. Nilikuwa nimewafukuza maadui, nikasherehekea, nikasahau kushusha daraja.

Orodha ya mali huhesabu magogo yote uliyonayo. Seremala huhesabu yale anayoweza kuyafikia kwa miguu. Hesabu hizo mbili zikitofautiana, ndipo ujumbe unapokuja. Kwa hiyo, kabla ya kugusa karakana, chagua gogo moja, lolote, kisha fuata kwa macho njia kutoka hapo lilipo hadi mlangoni mwa karakana. Tafuta daraja lililoinuliwa, mlango uliofungwa kwa amri yako, ngazi ambayo haikuchimbwa hadi mwisho, ukuta uliojengwa kwa haraka wakati wa hatari.

Njia ikiwa wazi, angalia mipaka ya maeneo. Wakati wa vita wengi wetu huwafungia raia ndani ya eneo maalumu lililochorwa kwenye ramani, wasitoke nje kuuawa. Hatari ikipita, mtu anasahau kuwaondoa. Seremala aliyefungiwa eneo la ndani hatoki kwenda kuchukua gogo la nje hata kama liko hatua tano kutoka mlangoni, na ujumbe utakaouona ni uleule wa kukosa magogo.

Sababu ya tatu huwanasa hata wazoefu: karakana iliyounganishwa na ghala. Ukiiambia karakana ichukue vitu kutoka ghala fulani, kuanzia hapo haitazami penginepo. Wengi huunganisha wakiamini wamempa fundi ghala la ziada, kumbe wamemfungia mengine yote. Ghala hilo likiisha magogo, au likiwa ni la mawe tu kwa sababu kidole kiliteleza, seremala atalalamika huku magogo mia yakiwa yamelala chumba cha jirani. Ondoa kiungo, uone kama kazi itaanza mara moja. Ikianza, umepata jibu. Ukitaka kuunganisha tena, hakikisha ghala hilo lina wachukuzi wa kutosha kulijaza.

Mwisho, bofya gogo lenyewe. Kama lina alama ya katazo, hakuna kibete atakayeligusa hadi uliondoe. Alama hiyo huwekwa kwa bahati mbaya unapoburuta kipanya juu ya eneo kubwa ukitaka kukataza kitu kingine kabisa.

Dalili: magogo hakuna kweli

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Mti haukatwi na seremala. Hukatwa na mkata miti mwenye shoka, na wewe lazima uwe umeweka alama ya kukatwa juu ya mti. Ukiwa na wakata miti watatu na shoka moja, una mkata miti mmoja. Shoka likichukuliwa na askari kuwa silaha yake, huna hata mmoja.

Shoka likipotea, usikate tamaa. Bomoa lile gari mlilokuja nalo. Hutoa magogo 3, na gogo moja linatosha seremala kuchonga shoka la mazoezi. Ni la mbao tupu, lakini linakata mti. Ningependa kila anayeanza ajue hili mapema, kwa sababu nimeona watu wakiiacha ngome nzuri kisa shoka moja lililozama mtoni.

Kama unakata miti kila siku na bado ghala ni tupu, nenda kwenye tanuri la mkaa. Gogo moja hutoa mkaa kipande kimoja tu, na tanuri lililoagizwa kurudia kazi bila kikomo humeza msitu. Mhunzi anataka mkaa, mtengeneza sabuni anataka majivu, na wote wanachota kwenye rundo lilelile la seremala. Weka kikomo kwenye oda: mkaa utengenezwe pale tu magogo yanapozidi idadi fulani, tuseme 30. Meneja wa ngome huzingatia masharti ya namna hiyo. Ukipata makaa ya mawe chini ya ardhi, mpunguzie seremala mzigo kwa kuyatumia hayo kwa mhunzi.

Nchi isiyo na miti, ya jangwa au barafu, ina tiba yake. Chimba chini hadi uyafikie mapango. Ukishayafungua, miti ya uyoga huanza kuota yenyewe hata ndani ya ngome yako, mahali penye udongo au penye mwamba uliolowa tope. Mimi huacha ukumbi mmoja mpana wa udongo bila kuujenga chochote, na baada ya miaka michache unakuwa msitu wangu wa ndani, usiofikiwa na adui. Mbao za uyoga zinafaa kwa kitanda sawasawa na za mwaloni.

Dalili: karakana iko kimya na hakuna ujumbe wowote

Kimya ni tofauti na malalamiko. Seremala anayelalamika alijaribu kazi ikamshinda. Karakana iliyo kimya haijapata mtu wa kuijaribu.

Kama uliagiza kupitia meneja, oda inaweza kuwa haijapitishwa. Ngome ikifika watu 20, meneja anahitaji ofisi ili apitishe oda, na akiwa hana kiti wala chumba chake, oda zinabaki kwenye orodha zikisubiri. Agiza kiti kimoja moja kwa moja kwenye karakana, bila kupitia meneja, kisha mpe chumba.

Kama uliikabidhi karakana kwa fundi mmoja tu, mtafute huyo fundi. Labda ameandikishwa jeshini na yuko uwanjani akifanya mazoezi mwezi wa pili sasa. Labda amelazwa hospitalini na mguu uliovunjika, akisubiri mkongojo ambao ni yeye tu anayeruhusiwa kuutengeneza. Jambo hilo limetokea kwangu. Nilimwona kitandani kila nilipopita na sikuunganisha mambo hadi masika yalipoingia. Tangu hapo huweka karakana mbili: moja ya fundi bingwa, nyingine wazi kwa yeyote.

Dalili: kazi inakwenda lakini polepole mno

Seremala hujiendea mwenyewe kuchukua gogo. Kama gogo liko msituni, atatoka hadi msituni, na kitanda kimoja kitachukua muda wa vitanda vinne. Gemu huchagua gogo la karibu kwa kupima mstari ulionyooka, si urefu wa njia. Gogo lililo juu kidogo ya paa la karakana linaonekana la karibu kabisa, hata kama ngazi ya kulifikia iko upande wa pili wa mlima. Weka ghala la magogo ukuta kwa ukuta na karakana, kwenye usawa uleule wa ramani. Hakuna badiliko dogo ninalolijua linaloleta faida kubwa kuliko hilo.

Angalia pia ndani ya karakana. Vitu vilivyokwisha kutengenezwa vikirundikana bila kuchukuliwa, karakana husongamana na kila kazi mpya hurefuka. Hiyo ina maana wachukuzi ni wachache, au hakuna ghala la samani la kupeleka vitu.

Halafu kuna pombe. Vibete wanahitaji pombe ili wafanye kazi vizuri. Kibete aliyekaa muda mrefu bila kinywaji hujikokota. Pombe nayo huhitaji pipa, na pipa hutengenezwa na seremala. Ukiliacha duara hili lianze kuzunguka vibaya, mapipa yanapungua, pombe inapungua, seremala anazidi kuchelewa, na mapipa yanazidi kupungua. Nimeiona ngome ya watu 80 ikiishiwa nguvu hivyo, bila adui hata mmoja kugonga lango. Ukianza kuona wengi wanakunywa maji, sitisha meza, sitisha makabati, na seremala wote watengeneze mapipa tu.

Dalili: mpika pombe analalamika chombo hakuna, na mapipa yamejaa kila mahali

Mapipa yapo, ila si matupu. Ghala la chakula huchukua kila pipa linaloliona na kulijaza nyama, samaki na mboga. Fungua mipangilio ya ghala hilo, upunguze idadi ya mapipa linayoruhusiwa kushika. Mengine yaachie kiwanda cha pombe.

Dawa ya kudumu ni mtungi wa mawe. Fundi wa kazi ndogondogo anauchonga kwa jiwe moja, nao huhifadhi pombe kama pipa. Mawe huna shida nayo. Mimi nikishafika mwaka wa pili situmii tena gogo kwa pipa. Gogo nalitunza kwa ajili ya kitanda, banzi na mikongojo ya hospitali.

Makasha nayo yana kisirani chake. Kasha likiwa mikononi mwa mchukuzi, vyote vilivyomo haviguswi na mtu mwingine. Ukiona mafundi wanaacha kazi kwa kukosa vitu unavyojua vimo ghalani, punguza makasha kwenye ghala hilo, hata kama litaonekana limetapakaa.

Dalili: vitanda vinatoka, lakini ni vya hovyo

Kitu kinaweza kutoka cha kawaida, au kikapanda ngazi tano za ubora hadi kazi ya ubingwa, ile inayowekewa alama ya jua kila upande wa jina. Kazi ya ubingwa ina thamani mara 12 ya kitu cha kawaida. Thamani ya chumba hupanda nayo, na furaha ya mwenye chumba pia.

Ukiwa na seremala hodari na bado vitanda ni vya kawaida, kwa kawaida si yeye anayevitengeneza. Katika toleo la picha, kazi ambayo haikuwekwa kwenye mgao wowote, yaani orodha ya nani afanye kazi gani, iko wazi kwa kila mtu, na useremala haumo kwenye migao inayokuja na gemu. Maana yake, mchuuzi wa samaki aliyeshuka jana na wahamiaji anaweza kuliwahi gogo lako. Bofya kitanda, usome nani alikitengeneza. Kisha unda mgao mpya, weka useremala ndani, chagua watu wawili au watatu, na uamuru kwamba hao tu ndio wafanye.

Ubingwa unakuja kwa kurudia. Kila kazi humwongezea fundi uzoefu kidogo, na kutoka kujifunza hadi kuwa gwiji ni karibu kazi 600. Usizimalizie kwenye vitanda vya wageni. Mpe kwanza bloku za mbao: gogo moja hutoa bloku 4, zinafaa kwa kuta na sakafu, na mkono wake unazoea.

Dalili: vitanda vipo, watu wanalala sakafuni

Kitanda kilichoko ghalani bado ni mzigo. Lazima ukisimike sakafuni, kisha uchore eneo la chumba cha kulala au bweni linalokizunguka. Wengi husimika na kuishia hapo. Ukiwa na watu wengi kuliko vyumba, chora bweni moja kubwa lenye vitanda 10 wakati unachimba vyumba vya kila mtu. Angalia pia kwamba chumba hakikupewa mtu ambaye tayari ana kingine.

Dalili: seremala amewafukuza wengine na kujifungia karakanani

Huyu amepandwa. Ngome ikishafika watu 20, mara kwa mara kibete mmoja hushikwa na hamu kali ya kutengeneza kitu cha ajabu, na akiwa ustadi wake mkubwa ni useremala, atateka karakana ya seremala. Kama huna, atazurura akiwaza hadi umjengee.

Akishaingia, hukusanya vitu anavyotaka. Kikikosekana kimoja hukaa akisubiri, na subira yake ikiisha hupoteza akili. Bofya karakana, usome anachonong'ona. Ni mafumbo mepesi, yanataja mfupa, kito, kitambaa, mbao. Akitaka kitambaa cha hariri, cha pamba hakitamtosha. Kile usichonacho kitafute kwa msafara wa wafanyabiashara au uchimbe. Lakini usiibomoe karakana aliyomo kwa sababu yoyote ile. Utamharibia akili papo hapo.

Akimaliza, unapata kitu chenye jina na historia yake, na mara nyingi unapata gwiji bila zile kazi 600. Kitanda cha kwanza cha namna hiyo nilichopata kilikuwa cha mbao ya uyoga, kimepambwa mifupa ya punda, na mchongo ubavuni uliomwonyesha kibete akipanda mti. Nilikitazama muda mrefu. Yule fundi alikuwa ni mmoja wa wale saba wa mwanzo.

Dalili: wafanyabiashara wanakasirika na kuondoka

Ikiwa ni majira ya masika na wageni ni Waelfi, sababu ni mbao. Watu hao wa msituni huona mti uliokatwa kama mauaji. Ukiwawekea mezani kitanda, bakuli la mbao, au hata pete ya mfupa yenye nakshi ya mbao, watafunga mizigo.

Wengi wanalijua hilo na bado wananaswa na kasha. Umejaza vikombe vya mawe, safi kabisa, ndani ya kasha la mbao, ukabofya kasha zima. Umewapa mbao. Fungua kasha, chagua vikombe kimoja kimoja, na kasha lenyewe ulibakize upande wako. Bidhaa za mbao walizokuja nazo wenyewe unaweza kuwauzia tena bila tatizo, maana wao huziotesha bila kukata mti.

Kazi za seremala wako waonyeshe wanadamu, wanaofika kiangazi, au msafara wa vibete wenzako wakati wa vuli. Na kwa masika yajayo, mwagize mhunzi makasha machache ya chuma uyaweke kwenye ghala lililo karibu na kituo cha biashara, yawe ya Waelfi peke yao.